Mnazi wa Vichwa Viwili

Kila asubuhi, kabla ya mswaki na kabla ya chai, Soosa hutokea mlango wa nyuma, huipa bahari kisogo, hufumba jicho la kushoto na kuinua kidole gumba mbele ya uso. Hukianzisha kidole kwenye paa la kiwanda cha barafu, hukisogeza kulia upana wa kucha mbili, kisha hukisimamisha hapo, kama fundi cherehani anayempima mtu ambaye hayupo. Pale kidole kinaposimama hapana kitu. Zamani palikuwa na mnazi. Akishamaliza hukohoa kile kikohozi chake kikavu cha kuvuta biri, mara tatu, akarudi ndani.

Kijiji kizima cha Pozhikkadavu kimezoea. Wanawake wachuuzi wanaopita na mabeseni ya samaki kichwani hawamsalimu, wala yeye hawasalimu. Wanaomsemesha ni watoto tu, na wao humsemesha kwa kumchokoza.

"Asan, leo umeuona?"

"Nimemwona mama yako anakutafuta na mwiko. Kimbia."

Humwita Asan, yaani mwalimu wa kazi, kwa sababu wamesikia wakubwa wakimwita hivyo kwa kebehi. Wao wenyewe hawajawahi kumwona akimfundisha mtu.

Alhamisi moja asubuhi Metilda alisimama kando ya ukuta wa jirani, mkoba wa chuo begani, akamtazama mzee akipima hewa. Metilda alikuwa na miaka ishirini. Alisoma sayansi ya bahari mjini, na likizo hiyo alirudi nyumbani na kazi: walimu wake walitaka kulifungua upya darasa la Jumamosi la watoto, la kuvua kwa mshipi na ndoana na kuitunza bahari. Kamati ya kanisa ingekaa Jumapili baada ya misa kuamua. Wajumbe walikwisha kumwambia pembeni kwamba darasa ni jambo jema, ila Soosa asitie mguu. Na bila Soosa hapakuwa na wa kufundisha. Wengine waliojua kazi ile wamekufa, au wako nchi za Ghuba wakipanga maboksi ghalani.

Metilda alikuwa na neno moja ambalo, akilisema mbele ya kamati, lingemrudishia Soosa watoto wake na huenda likampotezea yeye mama yake. Alikuwa amelikalia miaka tisa. Kabla ya kulitoa alitaka kumwuliza mzee swali moja, na kwa swali hilo alikuwa hajalala vizuri tangu Jumatatu aliporudi.

Soosa alizaliwa katika nyumba yenye mwamba. Pwani ile ndivyo walivyosema: nyumba hii ina shamba, nyumba ile ina mwamba. Baba yake ndiye aliyeugundua, pima ishirini na mbili chini ya maji, saa mbili za kasia kutoka ufukweni, kwa kuangusha chubwi, kile kipande kizito cha risasi mwishoni mwa mshipi, huku na huku msimu mzima mpaka siku moja ikagonga jiwe. Tangu hapo ukaitwa kwa jina lake. Baharini hakuna vibao vya njia, kwa hiyo mvuvi wa mshipi huitazama nchi kavu. Mnara wa kanisa ukiingia katika pengo la mlima wa Mukkunni kama jino kwenye ufizi, uko kwenye mstari wa kwanza. Mnazi wa vichwa viwili ukiachana na paa la kiwanda cha barafu kwa upana wa kucha mbili, uko kwenye mstari wa pili. Mistari inapokatana, teremsha mshipi. Ukikosea urefu wa vyelezo kumi, vile vyombo vyao vya magogo yaliyofungwa pamoja, utavua mchanga mpaka jioni.

Alama hizo baba humpa mwana huko huko majini, kwa kidole na jicho. Soosa alikuwa na mwana mmoja. Mwana huyo alitapika baharini kila siku kwa mwezi mzima, kisha akaomba pasipoti. Akabaki Kamillas, baba yake Metilda, mwenzake wa chelezo kwa miaka kumi na mitano. Kamillas alizijua alama, maana huwezi kuvua na mtu huku umemfunga macho, lakini kwa adabu hakuwahi kuzitamka hata usingizini. Mwamba ulikuwa wa nyumba ya Soosa, na nyumba ya Soosa haikuwa tena na mrithi.

Pengine ndiyo maana paroko na mwalimu wa sayansi wa shule ya kijiji walipomwomba awafundishe watoto Jumamosi baada ya katekisimu, alikubali upesi kuliko walivyotarajia.

"Kuhifadhi bahari mimi sijui," aliwaambia. "Nitawafundisha kuvua vizuri. Anayevua vizuri hana sababu ya kuvua ovyo."

Watoto kumi na wanne walikaa mchangani. Aliwafundisha fundo lisilofunguka likilowa na fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja. Aliwafundisha kutia nanga ya gunia la mchanga na kamba ya kumbi, kwa sababu nanga ya chuma juu ya mwamba ni kama kumkanyaga mwenye nyumba akiwa amelala. Kila mwaka kabla ya ngisi kuja walifunga makuti mabichi kwenye mawe, wavuvi wakayazamisha, ngisi wapate pa kutagia. Na siku ya ndoana alimwaga ndoana za kila ukubwa juu ya jani la mgomba.

"Ndoana ina adabu," alisema. "Ndoana kubwa haimpati mtoto, haienei kinywani mwake. Wavu ni kipofu. Unabeba bibi harusi, mjamzito na kichanga."

"Na ukikosa kabisa, Asan?" aliuliza Jinson, ambaye hakuwahi kukosa la kuuliza.

"Ukikosa, wewe unarudi kwenu kula uji, na samaki anarudi kwao kula. Wote mmekula. Tatizo liko wapi?"

"Uji bila samaki, Asan! Mama atanifukuza."

"Mwambie akufukuze uje kwangu. Kwangu hata uji hakuna."

Darasa walilolipenda kuliko yote lilikuwa la alama. Soosa alijenga nchi kavu ndogo juu ya mchanga: tuta lenye pengo likawa mlima, kijiti kikawa mnara, boksi la sabuni likawa kiwanda cha barafu, na tawi lenye panda likawa mnazi wa vichwa viwili. Kisha, watoto wakiwa wamegeuka, alifukia kauri moja mahali fulani chini, karibu na maji. Mtoto alitakiwa arudi nyumanyuma kuelekea baharini, jicho moja limefumbwa, kidole mbele, mpaka vitu vinne vikae vinavyotakiwa kukaa. Hapo achimbe kwa kisigino. Ukiwa sahihi, kauri iko chini ya mguu wako.

Wavulana walichimba matobo kama kaa. Zamu ya Metilda ilipofika alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwembamba, haongei, na Jinson akacheka.

"Wewe utaenda wapi na alama? Mwanamke akikanyaga chelezo samaki wanahama."

"Funga domo," alisema Soosa. "Matobo yako sita yamepata nini? Maji."

Metilda alirudi nyuma hatua kumi na tisa, akasita, akasogea nusu unyayo kushoto, akachimba. Kauri ikatoka kwa kisigino cha kwanza.

Soosa aliitazama kauri, akamtazama mtoto, halafu akatazama baharini kwa muda. "Kapata," alisema tu. Akaifuta kauri kwenye msuli wake na kumpa.

Kila Jumamosi, kabla hawajatawanyika, aliwaambia yale yale. "Hii ni ya jicho, si ya mkono. Msiandike, msichore. Kilichoandikwa hakichagui msomaji."

Lakini wavulana wangeuona mwamba siku moja, na Metilda asingeuona kamwe. Kitu ambacho hutakifikia kwa miguu kinakuwasha mkononi. Mwaka huo lilitangazwa shindano la michoro kwa shule zote za pwani, bahari kwa macho ya mtoto. Metilda alikaa peke yake nyuma ya kiwanda cha barafu, karatasi kubwa magotini, akachora mwamba na samaki wake wote jinsi Soosa alivyowasimulia: chewa mlangoni, changu ghorofani, kamba kochi chini ya ngazi. Juu yake alichora chelezo chenye wanaume wawili. Kisha, ili ajulikane kwamba mwamba huo ni wa kweli na si wa ndoto, alichora pwani nzima, mnara kwenye pengo, mnazi na paa, na mistari miwili myekundu inayokatana. Alipokuwa akipima kucha mbili alisikia kikohozi upande wa pili wa ukuta. Alifunika karatasi kwa sketi yake akangoja. Hakutokea mtu.

Alipata zawadi ya kwanza, sanduku la penseli ishirini na nne za rangi. Mchoro ulitundikwa siku tatu katika ukumbi wa mji wa bandarini, ambako wenye boti kubwa na wanunuzi wa samaki hunywa chai. Mtu mmoja mwenye saa ya dhahabu aliupiga picha kwa simu, karibu, mara mbili. Alimpapasa Metilda kichwani. "Mtoto huyu ana akili," alimwambia mwalimu.

Wiki sita baadaye boti za kukokota zilikuja, mbili, zikivuta wavu mmoja kati yao wenye mnyororo mzito chini. Zilipita juu ya mwamba siku nne mfululizo. Siku ya tano Kamillas na Soosa waliteremsha mishipi kwenye alama, wakavua matope. Kamillas alirudi nyumbani na kipande cha tumbawe alichokikuta kimenasa katika wavu uliochanika, akakiweka mezani kando ya sahani ya muhogo. Kilikuwa bado na rangi ya zambarau upande mmoja. Hakuna aliyekula.

Kamati ilikaa uani mwa kanisa, watu wote wakaja.

"Mwamba haukujiuza," alisema katibu. "Watoto walichezea mchanga tu; waliojua alama majini ni wawili. Soosa, mwenye mali, na mwenzake wa chelezo. Mwenye mali haibi chake."

Watu waligeuka kumtazama Kamillas. Metilda alikuwa nyuma, amebanwa kati ya wanawake, sanduku la penseli likiwa kwenye mkoba wake wa shule. Alijiambia, nikihesabu mpaka kumi nitasema. Alifika saba.

"Mwacheni Kamillas," alisema Soosa. Hakusimama, ndiyo maana watu wakachelewa kujua nani kasema. "Ni mimi."

"Wewe? Uliuza mwamba wa baba yako?"

"Nimesema ni mimi."

"Ulikuwa umelewa? Walikupa rupia ngapi?"

"Andikeni mnachotaka."

Kamillas alimtazama rafiki yake kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua. Kisha akatema mate chini na kutoka uani. Hakumsemesha tena. Kamati ikaamua kwamba Soosa asipewe mwenzake wa chelezo, watoto wasimkaribie, na mnazi wa vichwa viwili ukatwe, ili hata kama mwamba utafufuka siku moja, mwingine asiupate kwa alama zile. Waliukata Jumatatu. Vichwa vyote viwili vilianguka upande mmoja, na watoto wakagombea madafu.

Metilda aliurudisha mchoro nyumbani ndani ya gazeti, akaufukia chini ya sanduku la nguo. Kila usiku aliapa kwamba kesho angemwambia baba yake.

Mwamba wa karibu ukishakufa, mshipi huenda mbali. Kamillas alijiunga na boti ya injini ya watu wanne, wakaenda kupita pima mia, mahali ambapo nchi kavu yote huzama na hakuna mnara wala mlima wa kupima. Mwezi wa kumi na moja upepo uliwakuta huko. Walirudi watatu, wameshikilia kasha la barafu lililopinduka. Kamillas alizikwa bila mwili, shati lake la harusi na msuli wake ndani ya sanduku jepesi ambalo wabebaji walilibeba kwa aibu, kwa jinsi lilivyokuwa jepesi.

Kutoka makaburini Pushpam, mama yake Metilda, hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa Soosa, amemshika binti mkono.

"Toka, we mzee! Uliuza mwamba, sasa umeuza na mume wangu. Umeshiba?"

Soosa alisimama mlangoni, kichwa wazi.

"Ndiyo, Pushpam," alisema.

"Ndiyo nini? Ndiyo umeshiba?"

"Ndiyo. Niseme nini tena?"

Pushpam alimrushia kofi, na Soosa hakuinua mkono. Metilda alikuwa ameushika mkono wa pili wa mama yake. Tangu siku ile, kila alipofungua kinywa ili aseme, aliusikia mkono ule ukimbana vidole, akakifunga.

Ndivyo miaka ilivyopita. Soosa alivua peke yake ukingoni, kwa mshipi wa mkononi, samaki wa kutosha sahani moja. Jinson yuko Ghuba. Pushpam anauza samaki wa bandarini, waliovuliwa na zile zile boti za kukokota, kwa kuwa hakuna wengine, na faida ya beseni lile ndiyo iliyomsomesha Metilda.

Sasa, Alhamisi hiyo, Metilda aliondoka ukutani akavuka uwanja wa mchanga. Mwanamke mmoja alisimama na beseni lake kichwani kumtazama binti wa Kamillas akielekea kwenye mlango ule.

"Asan."

"Binti wa Kamillas," alisema Soosa. Sauti haikuwa na karibu wala ondoka. "Umekuwa mrefu. Mama yako anajua uko hapa?"

"Atajua sasa hivi. Mama Selin keshaniona."

"Basi kaa, umeshachelewa." Alimsukumia kigoda, yeye akachuchumaa kizingitini.

Metilda alitoa simu mkobani. Jana yake, na watu wa chuo, alikuwa ametia mguu chomboni kwa mara ya kwanza katika bahari ya kwao. Mnazi haukuwepo, mnara umefichwa na jengo jipya la ghorofa, lakini alikuwa na mchoro. Alipima mistari yake miwili myekundu juu ya ramani, akapata nukta, akampa nahodha. Walipoteremsha kamera, iligonga jiwe mara ya kwanza.

"Nimeufikia, Asan. Tazama."

Soosa alishika simu kwa mikono miwili, mbali na uso. Palikuwa na kijivu. Palikuwa na mifereji mirefu iliyonyooka, kama shamba lililolimwa, na mawe yaliyopinduka tumbo juu. Wavu wa zamani ulikuwa umejiviringisha kwenye jiwe kubwa, ukipumua pamoja na mkondo. Kamera ilizunguka kwa dakika nne, na katika dakika hizo nne alipita samaki mmoja, mdogo, hana haraka.

"Hapo mlangoni alikaa chewa," alisema Soosa. "Mzee kuliko mimi. Baba alimwita mjomba." Aliendelea kutazama mpaka picha ikakatika, akamwomba Metilda aianzishe tena.

"Hakuna kinachoota?" aliuliza mwishowe.

"Hakuna. Wanasema miaka arobaini, kama mnyororo hautarudi."

"Mnyororo unarudi. Nausikia kukiwa na upepo."

Alimrudishia simu. Metilda aliizima, akaiweka magotini, akaibana kwa viganja vyote viwili.

"Jumapili nitasimama mbele ya kamati," alisema. "Nitawaambia mwamba ulitoka kwenye mchoro wangu. Mama atakuwepo. Nitasema hata akiwepo."

Alitegemea mzee ashtuke, au akatae, au alie. Soosa alikuna goti. Uso wake haukubadilika, na hapo Metilda akamkazia macho, maana mtu hasikii habari kubwa namna ile mara ya kwanza akakuna goti.

Kando ya bahari Mama Selin alikwisha kugeuka na beseni lake, anakwenda upesi kuelekea kwa Pushpam. Muda uliobaki ulikuwa mfupi.

"Asan," alisema Metilda, "kwa nini ulisema ni wewe?"

Soosa aliitoa biri sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Kwa sababu ni mimi. Nilikuona ukichora, kule nyuma ya kiwanda cha barafu. Nilikuja niichane ile karatasi. Nikachungulia juu ya ukuta, nikaona umezipata kucha mbili sawasawa, ambazo mwanangu hakuzipata hata siku moja. Nikakuacha umalize."